Shule ya Sanaa ya Makerere: Iliponea Bunduki, Leo Yapimwa kwa Mshahara

Chukueni noti yoyote ya fedha za Uganda ya toleo lililoanza kutumika mwaka 2010, iwe ya shilingi elfu moja au ya elfu hamsini, mkaitazame kwa makini kama mnavyotazama kitambulisho cha mtu anayepita kizuizini. Mtaona nakshi za mikeka, nakshi za vikapu, ramani ya nchi pamoja na mstari wa ikweta, uso wa mtu aliyevaa vazi la kichwa la Kikaramoja, na sanamu ya mama anayemnyanyua mtoto juu. Sanamu hiyo ndiyo Mnara wa Uhuru uliosimama katikati ya Kampala, kando ya Barabara ya Speke. Askari wengi wamelinda misafara mbele yake, na polisi wengi wameongoza magari karibu nayo jua likiwachoma. Hata hivyo, lau tungeuliza katika kambi na vituo vyetu ni nani aliyeichonga, twadhani ni wachache sana wangejibu.

Aliyeichonga ni Gregory Maloba, naye hakuwa mzaliwa wa Uganda. Alitoka magharibi ya Kenya, akaja Makerere akiwa kijana kujifunza sanaa, na baadaye akawa mwalimu wa shule ile ile iliyomlea. Taifa lilipojiandaa kushusha bendera ya Mwingereza tarehe 9 Oktoba 1962, alama yake kubwa ya Uhuru ilitoka mikononi mwa mtoto wa nchi jirani aliyefunzwa katika mlima wa Makerere. Leo tunaitaja shule hiyo kwa sababu historia yake imegongana na historia yetu sisi wenye sare mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka, na kwa sababu hali yake ya sasa inaleta swali ambalo halijajibiwa.

Pengine msomaji atauliza: sanaa yamhusu nini askari? Tutajibu kwa ufupi. Katika shule ya kadeti, kabla ya kuruhusiwa kutoa amri za shambulio, tulifundishwa kuchora mandhari ya mbele yetu kwa penseli, mlima mahali pake na mto mahali pake, kisha kufinyanga mfano wa eneo kwa mchanga, majani, vijiti na uzi, ili hata kuruta asiyejua kusoma ramani aelewe atapita wapi. Kadeti aliyetazama ovyo alichora ovyo, na aliyechora ovyo aliwapeleka wenzake kwenye kinamasi. Polisi wa barabarani naye huchora ramani ya mahali pa ajali, na mchoro huo husimama mbele ya hakimu kama shahidi. Na hakuna kikosi kisichokuwa na yule mmoja mwenye mkono mwepesi, ambaye huandika vibao vya kambi na kuchora nembo ukutani, na ambaye wakubwa humtafuta mgeni rasmi anapokaribia. Kwa hiyo tusijifanye wageni katika jambo hili.

Shule yenyewe ilianza barazani. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea uchoraji katika shule ya Slade mjini London, alifika Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe, Hugh Trowell, aliyekuwa daktari. Mwaka 1935 daktari huyo alihamishiwa Mulago, na mwaka 1937 mkewe akaanza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yao. Hakukuwa na jengo, cheo wala bajeti. Kulikuwa na karatasi, rangi, na vijana waliokuwa na hamu ya kujua. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi zilionyeshwa London, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 masomo hayo yalikuwa yamekwisha kuingia katika Chuo cha Makerere, ambacho nacho kilikuwa kimezaliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi tu.

Njia ya Bibi Trowell ilikuwa kusimulia. Aliwaeleza wanafunzi kisa au mandhari, wakafumba macho wakaiona wenyewe, ndipo wakachora walichokiona. Hakuwawekea picha ya Mzungu mbele yao waiige. Aidha, aliheshimu kazi za mikono za wenyeji katika zama ambazo watawala wengi walizihesabu kuwa takataka za washenzi. Vyungu, ngoma, mikeka, vikapu, silaha na nguo za magome ya miti alivikusanya, akavichunguza, na mwaka 1953 pamoja na Klaus Wachsmann akatoa kitabu kikubwa kuhusu ufundi wa makabila ya Uganda. Jumba la Makumbusho la Uganda lenyewe lilikuwa chini ya uangalizi wake kwa miaka kadhaa, na katika miaka ya 1940 vitu vyake vilitunzwa huko huko Makerere kabla ya kupata nyumba yake ya sasa mwaka 1954.

Ni haki kumsifu kwa hayo. Ni haki pia kusema kwamba heshima yake ilikuwa na ua kuizunguka. Aliamini kwamba Mwafrika ana namna yake ya kuona, na kwamba kumfundisha mbinu za Ulaya kungemharibu. Nia ilikuwa njema, lakini mlinzi anayemzuia mtu asitoke nje kwa ajili ya usalama wake bado amemfungia. Wanafunzi wenyewe hawakukubali kubaki ndani ya ua huo. Maloba alikwenda Uingereza kuongeza elimu. Sam Ntiro, Mchaga kutoka miteremko ya Kilimanjaro, aliingia Makerere katika miaka ya 1940, akafundisha hapo, akaenda kusoma Slade alikosoma mwalimu wake, kisha akarudi akiendelea kuchora migomba, mavuno na wanavijiji wakifanya kazi bega kwa bega. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Tanganyika ilipopata Uhuru wake mwaka 1961, mchoraji huyo ndiye aliyetumwa London kuwa Balozi. Watawala wa jana walipokeana mikono na mtu waliyemjua kama mwanafunzi wa rangi na brashi.

Elimo Njau naye alitoka Kilimanjaro. Mwaka 1959 alimaliza michoro mikubwa ya ukutani katika kanisa la ukumbusho la Murang'a nchini Kenya, akawaweka Yesu na wanafunzi wake katika nchi ya Wakikuyu, kwenye vilima na miti inayojulikana na waumini wa mahali pale, wakati majeraha ya vita vya Mau Mau yalikuwa bado mabichi. Baadaye alianzisha Nairobi nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa. Elias Jengo, aliyesoma Makerere, alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikofundisha Ntiro pia. Maloba mwenyewe alihamia Chuo Kikuu cha Nairobi katikati ya miaka ya 1960. Hivyo wale wanaohesabu kwamba Afrika ya Mashariki ilianza kuungana siku mikataba ilipotiwa saini, wahesabu upya. Katika chumba kimoja cha Makerere, Mkenya alichonga, Mtanganyika alichora na Mganda alifinyanga, kabla marais wetu hawajakaa meza moja.

Hapa twaomba kuingiza jambo dogo ambalo sisi wanajeshi hulitaja kwa furaha. Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho nacho hufundisha sanaa, kiko Kahawa, katika majengo yaliyokuwa kambi ya jeshi la Mwingereza, nayo ikakabidhiwa kwa serikali ya Kenya mwaka 1965. Kambi imegeuka chuo. Katika Uganda tuliyoyaona miaka michache baadaye yalikuwa kinyume chake: chuo kilikaribia kugeuzwa kambi.

Tusiruke lakini. Bibi Trowell alistaafu mwaka 1958, na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd aliyetoka Afrika ya Kusini. Todd alibomoa ule ua. Alileta historia ya sanaa ya dunia nzima, elimu ya rangi, na sanaa mpya za Ulaya, akawaachia wanafunzi wachague. Wako wanaosema alizidisha Uzungu, na wako wanaosema aliwakomboa. Sisi tunaona kwamba mwanafunzi aliyefunzwa na wote wawili alikuwa na silaha mbili mkononi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 lilijengwa jumba la maonyesho ya sanaa, kwa msaada wa Mfuko wa Gulbenkian. Theresa Musoke, mmoja wa wanawake wa kwanza kung'ara katika shule hiyo, alichora ukuta wa bweni la wasichana la Mary Stuart. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, alifundisha kuchora huku akichunguza wanyama wa Afrika ya Mashariki mfupa kwa mfupa, na vitabu vyake juu ya wanyama hao vinatumiwa na wataalamu hadi leo. Mwaka 1970 Makerere ikawa Chuo Kikuu kamili chenye kujitegemea. Shule ya sanaa haikuwa na mpinzani katika eneo hili lote.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali kwa nguvu za jeshi.

Historia ya miaka minane iliyofuata wasomaji wetu wanaijua, na wengine mliirithi kwa baba zenu walioishi ndani yake, upande huu au ule wa bunduki. Tutataja tu yaliyoigusa Makerere. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, biashara ya bidhaa za nje ikavurugika, na rangi za mafuta, turubai na zana za kuchongea zikawa adimu kama sukari. Mwaka huo huo Makamu wa Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa serikali, asionekane tena. Walimu wa kigeni wakaondoka, wenyeji wakafuata. Kingdon aliondoka. Musoke alikwenda Kenya, akakaa huko miaka mingi hadi aliporejea katika miaka ya 1990. Kefa Sempangi, aliyekuwa akifundisha historia ya sanaa katika shule hiyo na pia akiongoza kanisa, alifuatwa na watu wenye silaha siku ya Pasaka mwaka 1973. Ameandika mwenyewe kwamba walikuja kumwua, akaomba awaombee dua kwanza, nao wakaondoka bila kumgusa. Mwaka huo akakimbia nchi. Hakurudi mpaka Amin alipoanguka.

Kisha ikaja Agosti 1976. Askari waliingia Makerere, wakawafuata wanafunzi hadi mabwenini, wakawapiga na kuwadhalilisha. Twaandika neno "askari" bila kulifunika, maana walikuwa askari wa Uganda, wamevaa sare iliyolipiwa na wananchi, na waliowapiga walikuwa watoto wa wananchi hao hao. Hakuna ramani ya kijeshi ambayo bweni ni shabaha. Jeshi la wakati ule lilivunjika mwaka 1979 mbele ya Watanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, na wengi hushangaa kwa nini jeshi lenye vifaru na ndege liliporomoka kwa miezi michache. Sisi hatushangai. Jeshi lililozoea kupigana na watu wasio na silaha husahau kupigana na wenye nazo.

Sasa shule ya sanaa iliponaje? Jibu lake ni dogo na gumu: baadhi ya watu walibaki, wakaendelea kufundisha. Rangi za dukani zilipokosekana, walirudia vitu vilivyokuwa nje ya mlango. Udongo haukuhitaji leseni ya kuagizwa. Mti uliokatwa ulikuwa sanamu inayongoja. Nguo ya gome la mti, ambayo Waganda huiita lubugo, ilitandazwa ikawa turubai. Jambo ambalo Bibi Trowell alilifundisha kwa imani, wao walilifanya kwa dhiki, wakagundua kwamba lina nguvu kuliko walivyodhani.

Kadhalika walijifunza kusema kwa mafumbo. Katika miaka ile gazeti lilisomwa na watu wa usalama mstari kwa mstari, na mchezo wa kuigiza ulimpeleka mtungaji wake kaburini. Lakini ng'ombe aliyekonda katika picha, ndege mweusi juu ya mti mkavu, mama aliyegeuza uso, hayo nani angeyafungulia mashtaka? Mpelelezi alikuwa amefundishwa kusoma barua za watu. Kusoma picha hakufundishwa. Watazamaji wa kawaida, ambao wengi wao hawakuwa na elimu kubwa, walielewa mara moja.

Mwaka 1978, giza lilipokuwa bado nene, Francis Nnaggenda alirudi kufundisha Makerere. Alikuwa amesoma uchongaji Ujerumani na kufundisha Nairobi, na angeweza kabisa kubaki nje kama wengi walivyofanya, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi. Amin alianguka mwaka uliofuata, lakini amani haikuja. Vita vya msituni vilianza mwaka 1981, na Luwero ikajaa mifupa. Katika miaka hiyo ya vita Nnaggenda alichukua gogo kubwa akachonga sanamu ya majeruhi wa vita. Ni mwili uliopoteza viungo, umepasuliwa, umechubuliwa. Hata hivyo umesimama. Umesimama katika Maktaba Kuu ya Makerere, na kila mwanafunzi aendaye kusoma sheria, udaktari au uhandisi hupita karibu nao.

Tungependa kila ofisa kijana aende akaitazame sanamu hiyo kabla ya kupewa watu wa kuongoza. Hatusemi hivyo kwa sababu ya huruma peke yake. Taarifa za vita tunazoandika sisi katika ofisi za uhusiano hutaja idadi: waliouawa, waliojeruhiwa, silaha zilizotekwa. Idadi ni lazima, nasi tutaendelea kuziandika. Lakini askari wetu waliorudi bila mguu kutoka kaskazini au kutoka Somalia hawaishi kama idadi. Wanaishi kama lile gogo, wakijitahidi kusimama kila asubuhi. Nnaggenda hakusema majeruhi huyo ni wa upande gani. Mama wa Luwero aweza kumwona mwanawe pale, na mama wa askari wa serikali iliyoanguka naye aweza kumwona wake.

Baada ya 1986 shule ilianza kupumua. Mapambano mapya yalikuja, na mojawapo lilitugusa sisi kwanza. Ni jambo lililokwisha kusemwa hadharani na viongozi wetu kwamba mwaka ule wa 1986 askari 60 walipelekwa Cuba kwa mafunzo, wakapimwa, na 18 wakakutwa na virusi vya UKIMWI. Wakati jeshi lilipopigana na ugonjwa huo kwa mihadhara na mabango, Lilian Nabulime, mchongaji na mwalimu wa shule hii, alichukua sabuni. Alitengeneza vinyago vya viungo vya mwili wa mwanamume na mwanamke kwa sabuni inayoonyesha ndani, akatia mbegu ndani yake mfano wa ugonjwa uliojificha. Sabuni hushikwa na kila mtu nyumbani. Huosha, na huisha. Watu walioona haya kutamka neno waliweza kukishika kitu hicho na kuanza mazungumzo. Utafiti wake huo ulimpatia udaktari Uingereza mwaka 2007. Hatukumbuki bango lililofanya kazi ile.

Lubugo nayo ilipata heshima. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ufundi wa Waganda wa kutengeneza nguo hiyo kuwa urithi wa binadamu wote. Gome la mti wa mutuba huvuliwa, hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, huanikwa juani, na mti wenyewe hufungwa kwa majani ya mgomba ili uote gome jipya. Venny Nakazibwe, mwalimu wa Makerere, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya nguo hiyo. Nao mkutano wa Jumuiya ya Madola ulipofanyika Kampala mwaka 2007, mji ulipata sanamu nyingine, ya familia inayopiga hatua, kazi ya Maria Naita aliyesoma katika shule hii. Mama wa Maloba alisimama mahali pamoja akamnyanyua mtoto. Miaka 45 baadaye mtoto anatembea, na baba yupo. Wakosoaji wa sanaa wanayo maneno yao juu ya sanamu hizo mbili. Sisi twaiona tofauti hiyo tu.

Tuje kwenye hali ya sasa. Shule ilikwisha kuchukua jina la Margaret Trowell, na baadaye ikaongeza sanaa za viwandani katika jina hilo. Tangu mageuzi ya 2010 na 2011 imewekwa chini ya chuo kimoja na uhandisi, usanifu wa majengo na teknolojia. Mwanafunzi wa leo hujifunza uchoraji, uchongaji na ufinyanzi kama zamani, lakini pia nguo na mitindo, vito, picha za kamera, na usanifu wa matangazo kwa kompyuta. Wahitimu wengi tunawaona bila kuwajua: ni wao wanaosanifu makasha ya bidhaa, mabango ya barabarani, vitambaa vya sare za shule na kurasa za magazeti. Kyambogo nako hufundisha sanaa na usanifu. Yaani ile shule iliyokuwa peke yake sasa ina wapinzani, na hilo ni jambo jema.

Shida iko penginepo. Nchi imeamua kuipa sayansi kipaumbele, na uamuzi huo una sababu zake. Hakuna jeshi la leo lisilohitaji wahandisi. Lakini mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, ilhali mwenzake wa masomo mengine aliachwa mbali nyuma, na mwezi Juni mwaka huo walimu hao wakagoma. Mwalimu wa uchoraji katika sekondari ni mmoja wa walioachwa. Mzazi huona tarakimu hizo kabla ya mtoto kujaza fomu. Shule ya sanaa haifi kwa amri ya kuifunga. Hufa polepole kwa mtoto mmoja baada ya mwingine kuambiwa na baba yake kwamba kuchora ni mchezo. Na sayansi yenyewe hupoteza, maana nani atakayesanifu chombo ambacho mhandisi amekipigia hesabu, kiwe chepesi mkononi na chenye kupendeza machoni? Kuiweka sanaa nyumba moja na uhandisi kungeweza kuleta ndoa hiyo. Kufikia sasa twaona wapangaji wawili wanaoamkiana kwenye ngazi.

Jambo la pili ni sifa. Mwaka 2022 Uganda ilipeleka kwa mara ya kwanza wasanii wake katika banda la taifa kwenye maonyesho makubwa ya Venice nchini Italia, Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, nao wakarudi na tuzo ya kutajwa kwa heshima. Kerunen alitumia kazi za ususi za wanawake wa vijijini. Sekajugo anajulikana kuwa alijifundisha mwenyewe. Tuliwapongeza kwa moyo wote. Lakini Makerere haina budi kujiuliza kwa nini heshima ya kwanza ya namna hiyo ilikuja kwa njia isiyopita langoni mwake, na kwa nini ususi uliowatukuza ndio ule ule ambao mwanzilishi wake aliukusanya zaidi ya miaka 80 iliyopita.

Liko na suala la jina. Mwezi wa Februari 2025 Mahakama Kuu iliagiza majina ya kikoloni yaondolewe katika barabara na minara ya Kampala, na Barabara ya Speke, inayopita mbele ya Mnara wa Uhuru, ni mfano wa wazi. Baadhi ya watu wameanza kuuliza kama shule nayo iendelee kuitwa kwa jina la Mwingereza. Rai yetu ni kwamba pako tofauti kati ya mtu aliyepita akaandika jina lake kwenye nchi, na mtu aliyekaa akafundisha. Lakini uamuzi huo ni wa waliosoma hapo, si wa wanaovaa sare.

Lililo letu ni jingine, nalo si la zamani peke yake. Mwezi wa Oktoba 2019, wanafunzi walipoandamana kupinga nyongeza ya ada ya asilimia 15, polisi na wanajeshi waliingia tena katika mabweni ya Makerere. Wanafunzi walipigwa na mali zao zikaharibiwa, na Mkuu wa Majeshi wa wakati huo akalaani mwenendo huo hadharani. Kulaani kulikuwa sahihi. Sahihi zaidi ingalikuwa ofisa aliyekuwa langoni usiku ule kujua yuko wapi: kwamba nyuma ya kuta zile kuna karatasi, udongo wa mfinyanzi, na picha ambazo hazina nakala ya pili. Vurugu za mwanafunzi zina sheria yake na utaratibu wake wa kuzituliza. Mlango wa karakana ya uchongaji uliovunjwa na rungu hauna utaratibu wowote.

Mwezi wa Septemba 2020 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Jengo Kuu la Makerere, na ujenzi mpya ulimalizika mwaka 2024. Moto ule haukufika kwenye jumba la sanaa, ambalo siku hizi limeunganishwa na taasisi ya kuhifadhi na kukarabati urithi. Humo mnatunzwa kazi za wanafunzi na walimu tangu zama za Bibi Trowell, nyingine kwenye karatasi inayoliwa na mchwa na unyevu kuliko inavyoliwa na miaka. Zahitaji paa lisilovuja, hewa iliyokauka, mtu wa kuzigeuza na kuzipanguza, na vifaa vya kuzima moto vilivyokaguliwa. Katika kambi zetu ghala la silaha hukaguliwa kila siku na daftari husainiwa. Lile jumba la mlimani halihitaji zaidi ya hapo.